Nusu ya Ukweli: Je, Mwangalizi wa Uchaguzi Ana Haki ya Kunyamaza?

Tarehe 3 Januari 2019, siku nne baada ya Wakongomani kupiga kura, Padri Donatien Nshole, katibu mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki wa Kongo (CENCO), alisoma mjini Kinshasa tamko lililosubiriwa na nchi nzima. Alisema kwamba takwimu zilizokusanywa na waangalizi wa Kanisa kutoka kwenye fomu za matokeo vituoni zinaonyesha mgombea mmoja kuwa ndiye aliyechaguliwa kuwa rais. Jina hakulitaja. Tamko liliitaka Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi (CENI) itangaze matokeo kwa ukweli na haki. Kila aliyesikia alielewa mambo mawili kwa mara moja: kwamba maaskofu wanajua, na kwamba hawasemi.

Insha hii inauliza swali moja tu kuhusu siku ile. Mtu au asasi iliyotumwa kuangalia uchaguzi, ikishajua hesabu ya kura, je, ina haki ya kunyamaza ili kulinda amani? Sikusudii kuamua hapa nani alishinda uchaguzi wa 2018. Mahakama ya Katiba ilikwisha kutoa hukumu yake, na wanahistoria watatoa yao. Swali langu ni la maadili, na linamhusu kila mwalimu, kila mwanafunzi na kila muumini atakayekaa siku moja kwenye benchi la waangalizi. Wahenga wametuachia methali mbili zinazovutana juu yake. Ya kwanza: heri nusu shari kuliko shari kamili. Ya pili: mficha maradhi kifo humuumbua. Nitazipa zote mbili nafasi ya kusikilizwa kabla ya kusema nasimama wapi.

Kwanza tukumbuke waangalizi wale walifikaje vituoni. Muhula wa pili na wa mwisho wa Rais Joseph Kabila ulimalizika tarehe 19 Desemba 2016 bila uchaguzi kufanyika. Maaskofu wakawa wapatanishi, na tarehe 31 Desemba mwaka huo pande zilizohasimiana zikatia saini makubaliano kwamba uchaguzi ungefanyika kabla ya mwisho wa 2017. Haukufanyika. Ndipo Kamati ya Walei ya Uratibu, ambayo miongoni mwa vinara wake alikuwa mwanahistoria Profesa Isidore Ndaywel è Nziem, ilipoitisha maandamano baada ya misa: tarehe 31 Desemba 2017, tarehe 21 Januari 2018 na tarehe 25 Februari 2018. Waumini walitoka makanisani wakiwa na rozari na Biblia mkononi, wakakutana na mabomu ya machozi na risasi. Katika maandamano ya Februari, mwanaharakati Rossy Mukendi alipigwa risasi akafa kwenye parokia moja ya Lemba, Kinshasa. Huku mashariki, vijana wa LUCHA, vuguvugu lililozaliwa Goma mwaka 2012, walikuwa wakikamatwa mara kwa mara kwa kudai jambo hilohilo: uchaguzi ndani ya muda uliowekwa na Katiba.

Uchaguzi ulipofanyika hatimaye, tarehe 30 Desemba 2018, CENCO ilipeleka waangalizi wapatao 40,000. Kazi ya mwangalizi ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Anafika kabla kituo hakijafunguliwa. Anahakikisha sanduku ni tupu. Anakaa hadi usiku, kura zikifunguliwa na kusomwa kwa sauti moja baada ya nyingine. Fomu ya matokeo ikishajazwa na kutiwa saini na mashahidi wa wagombea, naye ananakili tarakimu na kuzituma kwa waliomtuma. Tarakimu za vituo vingi zikijumlishwa, asasi inapata picha yake yenyewe ya matokeo bila kuitegemea Tume. Kwa hiyo hesabu iliyokuwa mikononi mwa maaskofu tarehe 3 Januari ilikuwa imelipiwa kwa miaka miwili ya subira, kwa usiku mrefu wa watu 40,000, na kwa maisha ya baadhi ya walioandamana.

Sasa tuisikilize methali ya kwanza, tena kwa nguvu zake zote, kwa sababu mara nyingi wanaodai ukweli huwadharau wanaoogopa vita, na dharau hiyo si haki.

Mtetezi wa kimya ataanza na Kenya. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, mzozo wa matokeo ya urais uliua zaidi ya watu 1,100 na kuwafukuza makwao watu laki kadhaa. Atatukumbusha kwamba Kongo ina makundi yenye silaha kuliko Kenya ya wakati ule, na kwamba sisi wenyewe tumezikwa na kuzikana katika vita tangu 1996. Kisha atataja sheria: mwenye mamlaka ya kutangaza matokeo ni CENI peke yake. Kila asasi ikitangaza rais wake, nchi itakuwa na marais watano na jeshi litachagua wa sita. Mwisho atatuonyesha kilichotokea. Tarehe 10 Januari 2019 CENI ilimtangaza Félix Tshisekedi kuwa mshindi kwa asilimia 38.57, Martin Fayulu akifuata kwa asilimia 34.83. Maaskofu walisema matokeo hayo hayalingani na takwimu zao, lakini hawakutoa jina wala jedwali. Kulikuwa na ghasia na vifo, hasa Kikwit, lakini nchi haikuwaka moto. Tarehe 24 Januari rais aliyekuwa akiondoka alimkabidhi mwingine madaraka kwa amani, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu uhuru wa 1960. Mtetezi wa kimya atatuuliza: mngependa nini zaidi? Je, mngekuwa tayari kumtazama machoni mama aliyefiwa na mwanawe na kumwambia kwamba amekufa ili tarakimu zilingane?

Swali hilo ni zito, na majibu mawili yanayotolewa haraka darasani hayalitoshi.

Jibu la kwanza ni la Immanuel Kant. Katika makala yake ya mwaka 1797 alishikilia kwamba hairuhusiwi kusema uongo hata kwa muuaji anayekuja mlangoni kumuulizia rafiki yako. Lakini mwangalizi wetu hakusema uongo. Alinyamaza. Kusema uongo na kukaa kimya ni vitu viwili. Daktari hunyamaza, wakili hunyamaza, padri aliyesikia kitubio hunyamaza hadi kaburini, nasi tunawaheshimu kwa kimya chao.

Jibu la pili husema kwamba ukweli daima huleta amani mwishowe. Ningependa iwe hivyo, lakini hakuna anayeweza kuweka dhamana juu yake. Anayemtaka mwangalizi aseme ni lazima awe na sababu itakayosimama hata kama kesho yake mambo yataharibika. Vinginevyo anacheza kamari kwa maisha ya wengine, kisha akishinda anaiita kamari yake maadili.

Sababu hiyo naiona tukimrudia daktari. Kwa nini kimya cha daktari ni kizuri? Ni kwa sababu siri anayoitunza si yake. Ni ya mgonjwa, na mgonjwa ndiye mwenye kuamua nani aijue. Daktari huyohuyo akimficha mgonjwa mwenyewe maradhi yake, kimya kilekile kinageuka kuwa kosa. Basi haki ya kunyamaza haitoki kwa anayejua. Inatoka kwa mwenye jambo. Ili tujue kama mwangalizi anaweza kunyamaza, tuulize kwanza: hesabu ya kura ni ya nani?

Si ya CENI. Tume imepewa kazi ya kuitangaza, kama vile tarishi alivyopewa kazi ya kuleta barua, na tarishi hawi mwenye barua kwa kuwa yeye tu ndiye anayeruhusiwa kuibeba. Si ya wagombea pia, ingawa wao ndio hupiga kelele kuliko wote. Hesabu ni ya waliopiga kura. Kila mmoja ameweka ndani yake kitu kidogo, na jumla ya vitu hivyo ni mali yao wote.

Tutazame likelemba, ule mchezo wa kupeana fedha kwa zamu ambao wamama wa masokoni kwetu wanaujua vizuri kuliko benki. Wanachama ishirini wanamchagua mmoja wao awe mwangalizi wa daftari. Siku ya kupeana, mtunza fedha anatangaza kwamba zamu ni ya Fulani. Mwangalizi wa daftari anajua kwamba zamu ni ya mwingine, lakini Fulani ana ndugu wakorofi, na ugomvi ukizuka meza zitapinduliwa na watoto wataumia. Ananyamaza. Siku inapita kwa utulivu, watu wanakula na kunywa. Je, amefanya vema? Tunaweza kumhurumia. Tunaweza hata kusema kwamba sisi pia tungeogopa. Lakini hatuwezi kusema kwamba alikuwa na haki ya kunyamaza, kwa sababu daftari aliwekewa amana. Aliyekosa zamu hakuulizwa kama yuko tayari kuisamehe kwa ajili ya amani. Huenda angekubali. Huenda angesema: nipeni mwezi ujao, tusipigane. Msamaha huo ungekuwa wake, na ungekuwa mzuri. Mwangalizi aliutoa badala yake bila kumuuliza.

Hapo ndipo ninapoliona kosa la kimya kwa ajili ya amani. Watu wana haki ya kuukubali uonevu ili wasimwage damu, na historia ina mifano mingi ya watu waliofanya hivyo kwa heshima kubwa. Lakini ili waukubali ni lazima waujue. Asiyejua alichoporwa hajasamehe kitu.

Kwamba kura ni mali ya mpiga kura, na kwamba watu wanaihisi hivyo, lilionekana wazi siku ileile ya tarehe 30 Desemba 2018 katika mji wa Beni. CENI ilikuwa imeahirisha uchaguzi wa Beni, Butembo na Yumbi hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Wapiga kura zaidi ya milioni moja waliambiwa watapiga kura rais akiwa amekwisha kuapishwa. Wakazi wa Beni walifanya nini? Waliandaa uchaguzi wao. Walipanga mistari, wakanawa mikono kwa sababu ya Ebola, wakatumbukiza karatasi zao mmoja mmoja. Walijua kwamba karatasi hizo hazitahesabiwa na mtu yeyote Kinshasa. Kama kura ingekuwa chombo cha kumpata rais tu, kitendo chao kisingekuwa na maana. Kilikuwa na maana kwa sababu kupiga kura ni kusema, na mtu anayenyimwa kusema hutafuta mahali pa kusemea hata kama hakuna anayesikiliza. Anayeficha hesabu, hata kwa nia njema, anawaambia watu wa namna hiyo kwamba hawakusema kitu.

Hata hivyo, kuna pingamizi la zamani dhidi ya hoja ya amana. Plato, katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri, anauliza: rafiki yako amekuwekesha silaha zake akiwa na akili timamu, kisha anarudi kuzidai akiwa amerukwa na akili. Je, utamrudishia? Kila mtu hujibu hapana. Basi, pingamizi linasema, matokeo ya kura ni silaha ya namna hiyo, na wananchi wenye hasira ni yule rafiki.

Pingamizi hili linastahili majibu mawili. La kwanza: nani aliyewapima wananchi akili? Mtu mzima aliyesubiri miaka miwili, akaamka alfajiri, akapanga mstari kwenye mvua ya Desemba, halafu akarudi nyumbani kungoja matokeo huku intaneti ikiwa imezimwa nchi nzima tangu tarehe 31 Desemba, hajaonyesha wazimu wowote. Wamalawi, baada ya uchaguzi wa Mei 2019, waliandamana kwa miezi, wakapeleka malalamiko mahakamani, mahakama ikafuta matokeo ya urais tarehe 3 Februari 2020, wakarudia kupiga kura tarehe 23 Juni. Waliujua ubovu wa fomu zao hadi kwenye tarakimu zilizofutwa kwa wino mweupe, na nchi haikuingia vitani.

Jibu la pili ni kwamba tunapohofia umwagaji damu, mara nyingi hatusemi waziwazi nani tunamhofia. Katika maandamano ya walei, waliokuwa na rozari hawakuwa ndio waliokuwa na bunduki. Tukimwambia mwangalizi anyamaze kwa sababu akisema watu watapigwa risasi, tunamwekea yeye mzigo wa risasi itakayopigwa na mwingine. Hoja hiyo ikikubaliwa mara moja, mwenye bunduki amejifunza jambo: hahitaji kushinda uchaguzi, anahitaji kuogopwa tu. Na uchaguzi ujao atahakikisha anaogopwa zaidi.

Tena, mfano wa Kenya unaoletwa kutetea kimya unasema jambo jingine ukiutazama vizuri. Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, alimtangaza Mwai Kibaki mshindi tarehe 30 Desemba 2007, na siku chache baadaye akawaambia wanahabari kwamba hajui kama Kibaki alishinda. Tume ya Jaji Johann Kriegler iliyochunguza uchaguzi huo ilifikia uamuzi kwamba takwimu zilikuwa zimechafuliwa kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Kwa maneno mengine, Wakenya waliuana juu ya hesabu ambayo hakuna aliyeweza kuionyesha. Ndiyo maana asasi za kiraia zilizoungana baada ya machafuko hayo zilijiita Wakenya wa Amani pamoja na Ukweli na Haki. Zilikataa kuchagua kati ya maneno hayo matatu, na jina lao peke yake ni jibu kwa methali ya nusu shari.

Nimesema hadi sasa kwamba mwangalizi hana haki ya kunyamaza. Je, basi maaskofu walikosea? Hapa naomba nisiwe mwepesi wa kuhukumu. Walisema zaidi ya ilivyokuwa salama kusema. CENI iliwalaumu kwamba tamko lao lingeweza kuandaa uasi. Tarehe 11 Januari, mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, mwenyekiti wa CENCO, Askofu Mkuu Marcel Utembi, aliiomba CENI ichapishe fomu za matokeo kituo kwa kituo ili kila mtu alinganishe. Ombi hilo lilikuwa sahihi kabisa, na lau lingetekelezwa insha hii isingekuwa na sababu ya kuandikwa.

Lakini nadhani tamko la tarehe 3 Januari lilibeba hatari za pande zote mbili bila kupata faida ya upande wowote. Kimya kamili kingewaacha watu bila la kushikilia. Ukweli kamili, yaani majedwali ya vituo vilivyoangaliwa na maelezo ya namna yalivyokusanywa, ungewapa watu kitu cha kukagua, na hata wapinzani wa Kanisa wangekuwa na la kukosoa. Nusu ya ukweli iliwapa tetesi. Kila upande ulijaza jina ulilolipenda. Amana ikirudishwa nusu, mwenye mali hujua tu kwamba kuna kilichobaki kwako.

Naona kwamba kosa lenyewe halikutokea siku ile. Lilitokea mapema, wakati waangalizi wote walipokwenda vituoni bila wananchi kuahidiwa nini kitafanyika na hesabu. Asasi ikingoja hadi ijue mshindi ndipo iamue kama itachapisha, imekwisha kuwa mchezaji uwanjani hata kama haikutaka. Ikisema, itaambiwa imesema kwa kuwa mshindi ni mtu wake. Ikinyamaza, itaambiwa imenunuliwa. Dawa ni kuahidi mapema, kabla kura ya kwanza haijapigwa na kabla hofu haijaingia: tutakusanya tarakimu kwa njia hii, kutoka vituo kadhaa, na Tume ikishatangaza matokeo yake tutachapisha ya kwetu siku fulani, awe ameshinda yeyote. Ahadi ya namna hiyo inaheshimu sheria, kwa kuwa haimtangulii mwenye mamlaka ya kutangaza. Inamlinda pia mwangalizi. Anayemtisha usiku wa matokeo atajibiwa kwamba uamuzi ulikwisha kufanywa miezi mitatu iliyopita, mbele ya watu wote.

Lakini hata ahadi hiyo inaacha mzigo mzito juu ya dhamiri za watu wachache. Mageuzi ya kweli ya uchaguzi ni yale yanayouondoa mzigo huo kabisa, kwa kuiweka hesabu mahali ambapo haiwezi kufichwa na mtu yeyote, mbaya wala mwema. Kenya imetembea hatua kadhaa kwenye njia hiyo, na hatua ya kwanza ilipigwa na wanaharakati. Maina Kiai na wenzake wawili walikwenda mahakamani kudai kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneo bunge yawe ya mwisho, makao makuu yasiweze kuyabadilisha. Mahakama ya Rufaa iliwakubalia Juni 2017. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais wa Agosti. Katika uchaguzi wa 2022, picha za fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa hadharani kwenye mtandao, na mtu yeyote mwenye simu na subira aliweza kujumlisha mwenyewe. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, kesi ikaenda Mahakama ya Juu, hukumu ikatolewa tarehe 5 Septemba. Malalamiko hayakuisha. Lakini hakuna askofu aliyehitaji kulala na tarakimu chini ya mto wake.

Kwetu Kongo safari ni ndefu zaidi. Kwa uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, Kanisa Katoliki na Kanisa la Kristo katika Kongo ziliunda ujumbe mmoja wa waangalizi. Tarehe 28 Desemba ujumbe huo ulisema kwamba mgombea mmoja amewaacha wengine mbali sana kwa zaidi ya nusu ya kura, tena bila jina, lakini mara hii ukaeleza pia kasoro nyingi zilizoonekana vituoni. Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 wa nafasi mbalimbali, wakiwemo mawaziri na magavana, kwa sababu ya udanganyifu. Hayo ni mabadiliko, na sitaki kuyadharau. Yanaonyesha kwamba maradhi yakitajwa, huweza kutafutiwa dawa. Hata hivyo fomu ya kila kituo, iliyo hadharani na inayosomeka na kila mtu, bado ndiyo dai ambalo asasi za kiraia hazipaswi kulilegeza, kwa kuwa mengine yote yanasimama juu yake.

Nirudi kwenye methali zangu. Heri nusu shari kuliko shari kamili ni methali ya hekima mdomoni mwa aliyetendewa shari. Yeye anaweza kuisema juu ya haki yake mwenyewe, nasi tukamvulia kofia. Mdomoni mwa mtu mwingine anayegawa haki isiyo yake, inageuka. Mficha maradhi kifo humuumbua, kwa upande wake, haituahidi kwamba atakayeyataja atapona. Inasema tu kwamba hakuna tiba inayoanza kwa kuficha.

Wengi wetu tunaosoma mkusanyo huu tutaombwa siku moja kuwa waangalizi, maana asasi hupenda walimu na wanafunzi kwa sababu tunajua kuandika vizuri. Nikiombwa mimi, nitauliza swali moja kabla ya kuvaa beji: tarakimu nitakazowaletea mtazifanya nini, na mko tayari kulisema hilo leo? Sijidanganyi kwamba sitaogopa usiku wa matokeo. Ndiyo maana nataka jibu kabla ya usiku huo, nikiwa bado sijui nani ameshinda.